Mlo wa Msiba Kwenye Ukurasa wa Mbele

Mwezi uliopita nilikaa kwenye ukumbi mmoja hapa Kayanga, sahani ya pilau mapajani, nikamsikiliza Evodi akidanganya kwa kipaza sauti. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yetu tuliyesoma naye chuo, na mshereheshaji alikuwa amemtambulisha Evodi kama mtu aliyeifungulia Karagwe mlango wa utalii mtandaoni. Watu wakapiga makofi. Yeye akasimama, tumbo mbele, miwani juu ya kipara, akaeleza jinsi alivyoanza na kompyuta moja mbovu na wazo moja tu, kwamba mgeni hataki kutazama, mgeni anataka kukaribishwa. "Tulianza na bibi mmoja wa Chonyonyo," akasema, "mama mkarimu ajabu, tukaionyesha dunia meza yake." Meza! Huyo bibi ni shangazi yangu, hakuwahi kuwa na meza ya chakula maisha yake yote, na yule mtu anajua, maana alikula kwake akiwa amekaa chini kama sisi wote. Nyama ikanigomea mdomoni. Nilitamani kuitema palepale, lakini mama wa binti alikuwa ananitazama huku akitabasamu, basi nikaisukuma na soda. Mtu wa umri wangu anatakiwa awe amesamehe, ndivyo tunavyoambiwa kanisani, na kweli nimewasamehe watu walionifanyia makubwa kuliko hayo. Huyu bado ananitia kinyaa, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, nina kamera ndogo ya mkononi na miguu isiyotulia. Nilikuwa napanda bodaboda hadi inapoishia barabara, nashuka, natembea, naongea na watu, narudi na vumbi mpaka kwenye kope. Siku moja kwenye mgahawa wa intaneti nilitafuta habari za Karagwe na Kyerwa, nikakuta zimeandikwa na watu waliopita hapa kwa gari, vioo vimefungwa, wakahesabu migomba. Nikasema mimi nitajenga tovuti yangu ya safari, kwa Kiswahili, ya mtu anayeshuka garini. Nikamfuata Evodi. Alikuwa fundi wa kompyuta, mcheshi, mikono myepesi, na alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kile chumba nakinusa mpaka leo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa imeingia kwenye kuta, kwenye godoro, hata kwenye chapati tulizoletewa asubuhi zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma yake kulikuwa na saluni. Tulikuwa tunafanya kazi huku tukisikia nani kaachika na nani kanunuliwa kiwanja. Evodi alikuwa akicheka nao kupitia ukutani, nao wanamjibu, na mimi nilidhani mtu anayechekesha watu hivyo hawezi kuwa na roho mbaya.

Kujenga tovuti ni kazi ya kufuta kuliko kazi ya kuandika. Hilo hakuna aliyeniambia. Kwanza unakodi jina, yale maneno mtu anayoandika ili akufikie. Halafu unakodi mahali pa kuweka kurasa zako, kwenye kompyuta kubwa ya kampuni fulani iliyo mbali. Ni vitu viwili, na unaweza kuvikodi sehemu mbili. Jina tuliliandikisha kwa baruapepe yangu kwa sababu siku hiyo Evodi alikuwa amesahau neno la siri la yake. Mahali pa kurasa akapashughulikia yeye. Kisha tukapakua kiolezo, yaani tovuti iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, inayokuja na picha zake za mfano: mzungu na mkewe wamejilaza kwenye kitanda cheupe, sahani ya kamba wa baharini, bwawa la kuogelea. Tukaanza kuwafukuza mmoja mmoja. Penye kamba nikaweka matoke na maharage. Penye bwawa nikaweka kisima cha Chonyonyo na akina mama wakibishana zamu. Picha zangu zilikuwa nzito, kwa hiyo tulikuwa tunazipunguza uzito kwa programu moja mpaka ziweze kupita kwenye modemu tuliyoining'iniza dirishani kwa uzi, ielekee mnara. Upepo ukiigeuza, mtandao unakata, na saluni inatusikia tukilaani. Evodi alinifungulia akaunti ya mwandishi, yeye akabaki msimamizi. Maana yake niliweza kuandika na kupandisha picha, lakini ukurasa wa mbele na mpangilio wote uko mikononi mwake. "Ni usalama tu, dada," aliniambia, na mimi sikuona neno, maana fundi wa bomba naye humzuii kushika koki.

Siwezi kukataa kwamba nilikuwa na furaha. Niliandika kuhusu njia ya kwenda Kamuli wakati kahawa imeanikwa, jinsi unavyotembea katikati ya harufu yake kama umeingia jikoni kwa mtu. Niliandika kuhusu mama mmoja aliyenikatalia kupiga picha mbuzi wake kwa sababu mbuzi alikuwa anaumwa na hakupendeza. Watu wakaanza kusoma. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa kusini akaniandikia kwamba ameliona paa la nyumba ya mama yake kwenye picha yangu na amelia. Nikamsomea Evodi ujumbe ule kwa sauti. Alikuwa anatafuna chapati, akatikisa kichwa. "Wanasoma, wanalia, wanaondoka," akasema. "Hakuna wanachobonyeza, Koku. Tovuti isiyo na kitu cha kubonyeza ni daftari tu." Nikamwambia basi iwe daftari. Akageukia ukuta, akawauliza wale wa saluni kama wao wangependa kusoma daftari la mtu.

Katikati ya mwaka akafariki mjomba Laurenti, mume wa shangazi yangu Yulitha, kule Chonyonyo. Alizikwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku za matanga nyumba ilitandazwa nyasi sebuleni, tukalala juu yake kina mama wote, na chakula kikawa kinamwagwa juu ya majani ya migomba, matoke na maharage, mnakaa kuzunguka mnakula kwa mkono. Evodi alikuja. Alikuja na kamera yake kubwa, na familia ikamwomba apige picha, kama ilivyo kawaida siku hizi, ili waliokosa waje waone. Alipiga nyingi. Kuna moja aliyoipiga akiwa amesimama mlangoni: mwanga unaingia kutoka nyuma yake, mvuke unapanda kutoka kwenye majani, shangazi amekaa katikati, kanga imemfunika kichwa, mkono umeshika tonge ambalo hajalipeleka mdomoni. Ni picha nzuri kupita zote alizowahi kupiga. Shangazi mwenyewe alimshukuru, akamshika mikono yote miwili, akamwombea kwa Kinyambo, lugha yetu, mpaka Evodi akainamisha kichwa. Nilimpenda siku ile, nasema ukweli.

Baada ya matanga nikaenda kukaa Kamuli, kwa rafiki yangu mmoja, kuandika habari ndefu ya msimu wa kahawa. Mtandao kule ulikuwa wa kubahatisha. Nilikuwa naandika kwenye karatasi, nashinda na wavunaji, wengi wao watu ambao wazazi wao walitoka Rwanda na Burundi, nakula wanachokula, nasikiliza wanavyosimulia. Tovuti sikuifungua muda mrefu. Nilipotoka huko sikupita Kayanga. Nilikwenda moja kwa moja Chonyonyo kumjulia hali shangazi, nikidhani nitamkuta amejikunyata. Nikamkuta anachangamka. Nyasi zilikuwa bado zimetandazwa sebuleni, mbichi, na matanga yalikuwa yamekwisha zamani.

"Shikamoo shangazi. Mbona nyasi?"

"Marahaba, mwanangu. Wageni. Hawakatiki." Alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. "Juzi wametoka Mwanza. Kabla ya hapo wengine sijui wa wapi, mmoja anaishi Dar es Salaam. Vijana, Koku! Wamevaa vizuri. Wanaingia, wanavua viatu, wanakaa kwenye nyasi, wanakula kwa mkono. Wananiuliza habari za mjomba wako, aliishije, aliuguaje. Mmoja msichana alilia mimi nikambembeleza." Akacheka kidogo, akajifuta pua na mgongo wa mkono. "Kumbe Laurenti alijulikana. Mimi nilijua ni mtu wa hapa hapa tu."

Nikamuuliza ni akina nani hasa, wamefahamiana naye wapi. Akanitazama kama nimesahau nilikolelewa. Kwetu mgeni haulizwi amefuata nini. Anakaribishwa, anakalishwa, anapewa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, atafune, kisha anakula, na akishanawa mikono ndipo mwenyewe aseme kilichomleta, akitaka. Kumuuliza mlangoni ni kumfukuza. Na kwenye nyumba iliyofiwa hakuna hata haja ya kusema, inajulikana amekuja kulia. Shangazi alikuwa amekata mikungu ambayo haijakomaa, alikuwa ameazima mingine kwa jirani, na hakuona tabu. "Yule rafiki yako wa kamera ndiye anayewaonyesha njia," akaongeza. "Kijana mwema. Aliniletea na kanga." Alinyanyuka akaenda kuileta, bado imekunjwa, ina karatasi ya dukani. Nikaishika ile kanga mkononi, nikamrudishia bila kuikunjua.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kayanga, nikafungua tovuti kwenye mgahawa wa intaneti, sikutaka kuifungulia chumbani kwa Evodi. Juu kabisa palikuwa na jina langu. Safari za Koku. Chini ya jina langu, imejaza kioo chote, ile picha ya mlangoni. Shangazi na tonge lake. Juu ya kanga yake ya msiba kulikuwa na maandishi meupe: Keti Chini, Ule Kama Wenyeji. Na chini yake kitufe cha rangi ya machungwa, kile alichokuwa anakililia siku zote, Weka Nafasi Yako. Nikabonyeza. Kukaja maelezo. Mlo halisi wa asili katika nyumba halisi. Nyasi mbichi sakafuni. Mwenyeji ni mjane, atakusimulia maisha yake. Halafu mstari mmoja ambao nimeusoma mara nyingi sana tangu siku hiyo, na kila mara najisikia nimekanyaga kitu kwa mguu mtupu: tafadhali usizungumzie malipo mbele ya mwenyeji, kwa mila za hapa ni mwiko. Alijua. Hakukosea, hakupitiwa. Aliichukua adabu ya shangazi yangu akaifanya kufuli ya mlango wake. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro nyuma ya mgahawa, na mwenye mgahawa akadhani nina mimba.

Chumbani nilimkuta amekaa kitandani, kompyuta mapajani, chapati mkononi, kama kawaida. Saluni walikuwa kimya, na najua walikuwa kimya ili wasikie.

"Toa ile picha," nikamwambia.

"Koku, karibu kwanza. Umekonda."

"Toa ile picha, funga ule ukurasa, leo."

Akaweka chapati kwenye gazeti, akajifuta vidole taratibu. "Umemwona shangazi yako? Umemwona uso wake? Mwanamke aliyefiwa, nyumba inajaa watu kila wiki. Ungependa akae peke yake aangalie ukuta?"

"Anadhani wamekuja kwa ajili ya mume wake."

"Na wakitoka pale wanamjua mume wake. Wanamtaja kwa jina. Sasa kuna ubaya gani?" Alikuwa anatabasamu, na kilichonichukiza kuliko yote ni kwamba tabasamu lenyewe halikuwa la kinafiki. Aliamini. "Wewe uliandika kuhusu mbuzi mgonjwa, Koku. Mimi nimeleta watu. Nenda kamwambie basi. Nenda kamwambie kwamba wale hawakuja kulia. Utakuwa umemsaidia?"

Hapo ndipo aliponishika. Nikinyamaza, shangazi ataendelea kukata mikungu michanga kuwapikia watu waliokuja kumtazama. Nikisema, nitamnyang'anya waombolezaji wake wote kwa sentensi moja. Ile fahari aliyokuwa nayo wakati anamenya ndizi, kwamba Laurenti wake alijulikana mpaka Mwanza, ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinamnyanyua asubuhi. Nikaona njia ni moja tu: wageni wakatike kimyakimya, mmoja mmoja, kama waombolezaji wanavyokatika kila mahali, na yeye asijue kamwe. Kwa upande wa saluni sauti ya mwanamke ikasema, "Huyo dada ana haki," na mwingine akamwambia nyamaza. Nikaondoka.

Kwa akaunti ya mwandishi sikuweza kufuta hata herufi moja ya ukurasa wa mbele. Nilijaribu kila mlango. Ndipo nikakumbuka jina. Kurasa zilikuwa zake, lakini jina, yale maneno ya kuifikia tovuti, lilikuwa kwenye baruapepe yangu. Nikaingia kwa kampuni iliyotukodisha jina, nikakuta mahali pa kuandika jina lielekee wapi, nikafuta anwani ya kule alikoweka kurasa, nikaacha patupu. Ukibonyeza sasa unapata kioo cheupe na maneno kwamba ukurasa haupatikani. Kazi yangu ya miezi yote ile, mwalimu wa kusini na paa la mama yake, kisima, mbuzi, vyote vilipotea na ile picha, na sikusikitika hata kidogo. Vilikuwa vimelala kitanda kimoja nayo. Evodi alinipigia simu mpaka betri ikaisha, akanitumia ujumbe kwamba nimeharibu maisha ya watu, akataja na shangazi miongoni mwa watu hao.

Nilichosahau ni kwamba kufunga mlango hakuwarudishi waliokwisha kuingia. Kulikuwa na kikundi kilichokwisha kulipia. Nilisikia kwa bahati, kwa dada mmoja wa saluni aliyeniita pembeni sokoni, akasema Evodi kawapandisha kwenye Noah asubuhi ile ile, wanakwenda Chonyonyo. Nikachukua bodaboda. Nilipofika nikakuta viatu vimepangwa mlangoni, raba nyeupe zenye matope mekundu, na ndani wamekaa kwenye nyasi, majani yamefunguliwa, mvuke unapanda. Shangazi amekaa katikati. Alifurahi kuniona, akasogea nipate nafasi. Nikakaa. Nilichukua tonge, sikumeza. Walikuwa watoto wa watu, hawakuwa na ubaya. Walisema asante, walisema tamu, mmoja alikuwa anamtazama shangazi kwa huruma ya kweli. Nilikuwa najiambia watakula, watanawa, wataondoka, na itakuwa ndiyo mwisho.

Dada mmoja aliyevaa kofia ya ukili akainama kwa heshima. "Bibi, shikamoo tena. Samahani. Ile ya kuomboleza, mnaimba saa ngapi? Tumeona kwenye ratiba, halafu dereva anasema lazima tuondoke mapema."

Shangazi Kiswahili chake si kingi, lakini neno ratiba analijua, lipo kanisani. Akanitazama mimi kwanza. Sijui uso wangu ulikuwaje. Kisha akamgeukia yule dada, akauliza polepole, "Ratiba ya nani?"

Kijana aliyekaa pembeni akamgusa mwenzake, kwamba nyamaza, umevunja mwiko. Na huko kumgusa ndiko kulikomaliza kila kitu.

"Mmelipa," shangazi akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo, bibi," yule dada akajibu, macho chini. "Kila kitu tumelipia."

Nilitegemea atawatoa. Nilitaka awatoe, nilitaka asimame apige kelele mpaka migomba isikie. Shangazi alivuta sufuria, akachota matoke mengine, akayamwaga kwenye majani mbele yao. "Basi kuleni," akasema. Wakala, jamani, wakala kweli, kwa aibu, wakiangalia vidole vyao, kwa sababu walikuwa wamekwishaambiwa kwamba kukataa chakula nako ni mwiko.

Walipoondoka hakulia. Alikaa mlangoni, akanyoosha miguu, akaanza kuniuliza. Wale wa Mwanza? Nikasema na wao. Yule aliyekuwa anaishi Dar es Salaam? Na yeye. Wale mabinti wawili waliokuja na biskuti? Nikasema ndiyo, shangazi. "Na yule msichana aliyelia, nikambembeleza?" Nilitaka kusema yule hapana, yule alikuja mwenyewe. Nikaishia kutazama nyasi. Shangazi akatikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayekubali bei. Kisha akaingia ndani, akazikusanya nyasi zote, akazitoa kwa mikono yake, akaenda kuzitupa mbali na kaburi. Nilipojaribu kumsaidia akasema niache. Evodi hakuwahi kuja kuomba radhi. Alikodi jina jingine, akaendelea na watu wengine, na nadhani mpaka leo ukimuuliza atakuambia ilikuwa ni tofauti ya mawazo kati yake na mimi.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi nimewasimulia nikaishia hapo, kwa sababu hapo mkosaji ni mmoja na anajulikana. Lakini mwaka haukuwa umekwisha. Karibu na Krismasi nilikuwa kwa shangazi, nyuma ya nyumba, nakata majani ya migomba, nikasikia mtu anabisha hodi mbele. Sauti ya mzee, Kiswahili chenye lafudhi ya upande wa Burundi. Nikasikia hatua za shangazi zikienda mlangoni. Hakusema karibu. Nilisimama na kisu mkononi nikingoja aseme karibu.

"Umemlipa nani?" akauliza.

Mzee hakuelewa. "Sijalipa, mama. Nimekuja tu."

"Uliyemlipa ndiye akupikie. Hapa hakuna ratiba."

Nilipozunguka nyumba nikakuta mlango umefungwa, na kwenye kizingiti kuna kifurushi kimefungwa kwa kitambaa, maharage mapya, na mzee mmoja aliyevaa koti anashuka njiani, hageuki. Nikamkimbilia. Jina lake lilikuwa Bigirimana. Alikuwa ametoka Kamuli. Yeye na mjomba Laurenti walikuwa vibarua pamoja ujanani, wakivuna kahawa za watu, wakilalia jamvi moja. Alikuwa amekwenda kuuguzwa kwa binti yake mbali huko, na habari za msiba alizipata aliporudi, wiki ile. Nilimshika mkono wa koti nikamsihi arudi, nikamwambia kuna jambo lilitokea, shangazi hakumaanisha, nitamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mzee mwenye adabu.

"Nimeulizwa mlangoni, mwanangu," akasema. "Siwezi tena kuingia."

Akaniuliza kaburi liko upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono, pale palipo na migomba mirefu. Alivua kofia akasimama palepale njiani, akaelekea huko, midomo ikitembea, kisha akavaa kofia akaenda zake.

Nilimkuta shangazi sebuleni. Alikuwa amefungua mlango, amekichukua kifurushi, amekifungua mapajani, anayapitisha yale maharage katikati ya vidole. Alijua tayari kwamba amekosea, watu waliolipa hawaleti maharage. Akaniuliza alikuwa nani. Nikamwambia. Akalitamka lile jina, Bigirimana, kama mtu anayelifahamu miaka yote bila kuwahi kuuona uso wake, maana mjomba alikuwa akimtaja kila msimu wa kahawa.

"Jina sikumuuliza," shangazi akasema. "Nilimuuliza amemlipa nani."